Kuhudumu Kanisani Ukiwa na Mtoto Mchanga

Sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka hufundishwa mara nyingi kwenye semina za viongozi wa kanisa. Yethro, kuhani wa Midiani, anamkuta Musa ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu. Anamwonya kwamba atachoka yeye na watu wake, kisha anamshauri achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi wamsaidie. Tunafundisha hapo habari ya kugawana madaraka, tunafunga Biblia, tunakwenda kunywa chai. Lakini mwanzoni mwa sura hiyohiyo kuna jambo ambalo tunalipita haraka: Yethro hakuja peke yake. Alikuja na Sipora, mke wa Musa, pamoja na watoto wao wawili, Gershomu na Eliezeri, waliokuwa wakikaa kwake mbali na baba yao. Aliyemwambia Musa apunguze kazi ni babu aliyekuwa amemrudishia familia yake siku moja tu kabla.

Siamini kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Mtu aliyeshinda amekaa na wajukuu hao wakimuuliza baba yao yuko wapi ndiye aliyeona waziwazi kwamba kazi ya Musa imezidi kipimo. Na mpaka leo, mtoto anapozaliwa kwenye nyumba ya mchungaji, ya mwinjilisti, ya katekista, ya mwalimu wa kwaya au ya kiongozi wa sifa, ndipo inapojulikana kama huduma ile ilikuwa ya kanisa zima au ilikuwa mgongoni mwa mtu mmoja. Kazi za kanisa zina watu wengi wa kuzipokea. Mtoto aliyezaliwa juzi ana mama mmoja na baba mmoja. Mpango wa kuhudumu na kulea uanzie hapo.

Anza mimba ikiwa na miezi sita

Ukisubiri mtoto azaliwe ndipo upange, hutapanga. Utakuwa unapokea simu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, na kila anayekuomba kitu utamkubalia ili akate simu.

Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila kitu kinachokutoa nyumbani au kinachokukalisha kwenye simu kwa ajili ya kanisa. Andika ibada ya kwanza na ya pili, maombi ya alfajiri, darasa la kipaimara la Jumamosi, mazoezi ya kwaya, jumuiya, kikao cha kamati ya ujenzi, ushauri wa ndoa. Andika pia yale ambayo hayamo kwenye ratiba yoyote: kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari lako, kufungua geti la kanisa fundi umeme anapokuja, kukumbusha michango kwenye kundi la WhatsApp, kutafuta viti vya semina. Hayo madogo yasiyoandikwa ndiyo yanayomaliza jioni za watumishi wengi, na kwa kuwa hayana jina, hakuna anayejua kwamba unayafanya.

Kisha yatenge mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo kanuni za kanisa lako zinakutaka wewe uyafanye. Katika makanisa mengi, meza ya Bwana na kubariki ndoa vinamhitaji mchungaji aliyewekewa mikono. Fungu hili huwa dogo kuliko tunavyodhani. Fungu la pili ni yale ambayo mtu mwingine anaweza kuyafanya, hata kama hatayafanya kama wewe. Fungu la tatu ni yale yanayoweza kusimama kabisa kwa muda, na hili ndilo watu hulikimbia. Kikao cha kila wiki kinaweza kuwa cha kila mwezi. Semina ya wanandoa iliyopangwa Agosti inaweza kufanyika Novemba. Kinachosimamishwa kitajiwe tarehe ya kurudi, ili pasiwe na mtu wa kusema kimekufa.

Kwenye fungu la pili, mbele ya kila kazi liandikwe jina la mtu. "Wazee watasaidia" si jina. Na mtu huyo aanze mapema: aiongoze kazi hiyo mara mbili au tatu ukiwa upo, waumini wamzoee, naye akuulize maswali kabla hujaingia kwenye usiku wa kutolala.

Ukienda mbele ya baraza la wazee, nenda na daftari hilo. Watu wetu wana upendo mwingi, lakini ukiwaambia "mtaniombea, tunatarajia mtoto," wataomba, watasema amina, na simu zitaendelea kama kawaida. Sema hivi: "Wazee wangu, Mungu akipenda, mwezi wa nane tutapata mtoto. Kuanzia wiki ya mwisho ya Julai hadi mwisho wa Septemba, mazishi yataongozwa na mwinjilisti. Wagonjwa watatembelewa na umoja wa wanawake, na mwenyekiti wao amekubali. Darasa la kipaimara tumempa mwalimu fulani. Mimi nitabaki na ibada ya Jumapili na meza ya Bwana. Naomba baraza liliandike hili kwenye kumbukumbu za kikao." Sentensi ya mwisho ni ya lazima. Kilichoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao ni uamuzi wa kanisa, na mzee anaweza kuutetea mbele ya watu wakati wewe haupo.

Tazama pia kalenda ya mwaka wa kanisa. Mtoto anayetarajiwa karibu na Pasaka atakuja pamoja na Ijumaa Kuu, mkesha na umati wa Jumapili ya Ufufuo. Anayetarajiwa Desemba atakuja na Majilio na Krismasi. Mhubiri wa kukushikia siku hizo atafutwe miezi mitatu kabla, kwa sababu karibu na sikukuu kila mchungaji ana madhabahu yake.

Sheria nayo ijulikane. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inamtaka amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na inakataza kumrudisha kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari amethibitisha kwamba anaweza. Akirudi, ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Baba anapewa siku tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kenya, sheria ya ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu na baba wiki mbili.

Siku tatu za baba ni chache mno. Anaweza kuzimaliza zote akihangaika na malipo ya hospitali na usafiri wa mama mkwe. Kwa hiyo, mwenye mkataba aunganishe na likizo yake ya mwaka, ambayo kwa sheria hiyo ya Tanzania haipungui siku 28. Mchungaji asome kanuni za utumishi za dayosisi au dhehebu lake, maana likizo yake imeandikwa huko. Na wale wanaojitolea, ambao ndio wengi kabisa, yaani walimu wa shule ya Jumapili, wanakwaya na viongozi wa jumuiya, hawana karatasi yoyote inayowalinda. Hao waandike barua fupi kwa mchungaji wakitaja wanapumzika lini hadi lini. Mchungaji mwema atawajibu kwa maandishi na kutangaza jambo hilo kanisani kwa furaha.

Siku arobaini za kwanza

Wazee wetu walijua jambo hili bila kusoma sheria. Sehemu nyingi za nchi yetu mama mzazi hukaa ndani siku arobaini, akikandwa maji ya moto, akilishwa, asishike jembe wala kuni. Uchagani anapikiwa mtori na kukaa akihudumiwa. Ajabu ni kwamba nyumba ya mchungaji ndiyo mara nyingi inayonyimwa desturi hiyo. Mke wa mchungaji anajifungua Jumanne, Jumamosi sebule imejaa kwaya tatu zilizokuja kumpongeza, na yeye anatafuta vikombe vya chai.

Weka mlinzi wa mlango. Awe mama mtu mzima anayeheshimika usharikani, asiyeogopa kusema. Kazi yake ni kupanga wageni waje lini, wangapi kwa pamoja, na kuwaaga muda wao ukiisha. Anaweza kusema, "Karibuni sana, wapendwa. Mzazi amepumzika. Tutaomba pamoja hapa sebuleni, kisha tuwaache." Maombi ya dakika tano yanatosha, na Mungu anayasikia yote. Mwenye mafua au kikohozi asalimie kutoka mlangoni. Anayetaka kumpakata mtoto anawe mikono kwa sabuni, na kumbusu mtoto kuachwe kwa wazazi wake. Wapo watakaonuna. Mlinzi wa mlango apokee manung'uniko hayo, si mama.

Na kwa kuwa mgeni huja ili mwenyeji apone, wageni hao wapewe kazi. Orodha ya chakula ipitishwe kwenye jumuiya: nani analeta uji asubuhi, nani analeta supu, nani anafua nepi Jumatano. Wapo waumini wanaotaka kusaidia lakini hawajui waanzie wapi. Orodha inawapa njia.

Tarehe za kliniki ziingie kwenye shajara ya huduma kwa wino uleule wa harusi na mazishi. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Chanjo zinafuata wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Baba aende. Mkono wa kushika kadi, kubeba mtoto na kusikiliza maelekezo ya nesi ni huduma ambayo mzee wa kanisa hawezi kumfanyia.

Kila anayelala kwenye nyumba hiyo azijue dalili za hatari. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, kupumua haraka, kuwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, degedege, manjano yanayofika viganjani na kwenye nyayo, kitovu chekundu au chenye usaha. Kwa mama: kutokwa damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, maumivu makali ya tumbo, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Ukiona mojawapo, ni hospitali saa hiyohiyo. Maombi yafanyike njiani.

Sasa usiku. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa saa 24, kwa hiyo hakuna usingizi wa moja kwa moja kwa mtu yeyote chumbani humo. Hapa ndipo ndoa nyingi za watumishi hujeruhiwa kimyakimya, maana baba ana sababu isiyopingika: "Kesho nahubiri." Sababu hiyo ikubaliwe usiku mmoja tu kwa wiki. Jumamosi usiku baba alale chumba kingine, na bibi, shangazi au dada awe karibu na mama: amletee mtoto anyonye, amcheulishe, ambadilishe nepi, amrudishe kulala. Siku nyingine zote kazi hizo za usiku, zote isipokuwa kunyonyesha, ni za baba. Jumapili akitoka ibadani ale, aoge, ampokee mtoto, mama alale saa mbili mfululizo mlango ukiwa umefungwa.

Ili Jumamosi hiyo iwe na usingizi kweli, hubiri liwe tayari Alhamisi. Usijilazimishe kuandika jipya kila wiki katika miezi hii. Badilishana mimbari na jirani yako, au uhubiri hapa neno ulilohubiri mtaa wa mbali mwaka juzi. Hubiri la dakika kumi na tano lililotayarishwa vizuri linawafaa waumini kuliko la dakika hamsini la mtu anayesinzia. Na baada ya usiku wa kukesha na mtoto, usipande pikipiki kwenda mtaa wa kilomita thelathini. Omba dereva, au ibada iongozwe na mzee wa mtaa. Watumishi wengi wa vijijini husafiri kwa pikipiki, na usingizi barabarani hauna msamaha.

Simu, misiba na mikesha

Mtu akipatwa na msiba usiku, anamtafuta mchungaji wake, na ni haki yake. Tatizo ni kwamba simu inayopokea habari ya msiba ndiyo hiyohiyo inayoulizwa saa nne usiku sare za kwaya zimefikia wapi. Tenganisha. Tafuta laini ya pili ya kanisa, iwe kwa mzee wa zamu, na zamu ibadilike kila wiki. Namba hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na isomwe kila Jumapili. Mzee wa zamu anajua mambo ya kukuamshia: kifo, mgonjwa mahututi anayeomba maombi au meza ya Bwana, mtu aliye hatarini kwa kupigwa au kwa kutaka kujidhuru. Mengine yasubiri asubuhi.

Kwenye simu yako weka ujumbe kama huu: "Bwana Yesu asifiwe. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi simu hii inapumzika kwa ajili ya mtoto. Kwa msiba au mgonjwa mahututi, tafadhali mpigie mzee wa zamu." Hakuna muumini mwenye akili timamu atakayeudhika.

Ikitokea umepokea simu ya mtu mwenye shida ya ndoa au ya moyo, na mtoto analia begani, usimsikilize nusunusu. Mwambie, "Pole sana, mama. Nimekusikia. Saa hii siwezi kukusikiliza kwa utulivu unaokustahili. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa ofisini kwa ajili yako. Usiku huu uko salama?" Swali hilo la mwisho usiliache hata ukiwa umechoka vipi. Akisema hayuko salama, mpigie mzee wa zamu mara moja, aende na mama mmoja.

Misiba yetu ni mirefu. Kuna ibada za jioni, kuna kuaga, kuna mazishi, kuna siku ya tatu au arobaini. Mchungaji mwenye mtoto mchanga hawezi kuwa kwenye zote, na familia nyingi huona zimedharauliwa akija mwinjilisti. Dawa ni kuwahi. Piga simu mwenyewe siku ya kwanza utoe pole, uwaambie nani ataongoza ibada za jioni, na kama utakuwa siku ya mazishi useme. Wiki moja baadaye wapitie nyumbani kwao kwa nusu saa, watu wakiwa wametawanyika na upweke umeanza. Familia hukumbuka ziara hiyo kuliko ibada zote za jioni. Na ukitoka kwenye umati wa msiba, oga na ubadili nguo kabla ya kumshika mtoto.

Mikesha na mikutano ya injili ya wiki nzima, achana nayo kwa miezi sita ya kwanza. Nasema hivyo kwa baba pia. Mtoto wa umri huo anatakiwa anyonye maziwa ya mama tu, kwa hiyo mama hawezi kulala mbali naye, na mama aliyeachwa peke yake wiki nzima na mtoto mchanga hajaachwa salama. Ukialikwa, jibu mapema na kwa uwazi: "Asante kwa kunikumbuka. Tuna mtoto mchanga, hivyo hadi Januari silali nje ya nyumba yangu. Namfahamu mtumishi anayeweza kuja, nikuunganishe naye?"

Mama anayehudumu

Tunaongea kana kwamba mtumishi ni baba na mama ni wa nyumbani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) limekuwa likibariki wanawake kuwa wachungaji, na muda mrefu kabla ya hapo wanawake ndio waliobeba kwaya, shule ya Jumapili na ziara za wagonjwa. Wengi wao walirudi madhabahuni na kwenye kwaya zao kabla miili haijapona, kwa hofu ya kuonekana wamepoa kiroho.

Mama wa namna hiyo asome tena 1 Samweli sura ya 1, asiishie kwenye maombi ya Hana ya kupata mtoto. Baada ya Samweli kuzaliwa, Elkana na nyumba yake walikwea kwenda Shilo kutoa dhabihu ya mwaka, ibada kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Hana hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba atakaa hadi mtoto aachishwe kunyonya, na Elkana akamwambia afanye aonavyo vema. Huyu ni mwanamke aliyekuwa na nadhiri mbele za Mungu, na mtoto mwenyewe alikuwa wa nadhiri hiyo. Alikosa Shilo akimnyonyesha, na Biblia haimlaumu hata kwa neno moja. Ningependa kila baraza la wazee lisome sura hiyo kabla ya kumuuliza mama wa mtoto wa wiki tano kwa nini haonekani kwenye mazoezi.

Anaporudi, kanisa limwandalie mahali. Chumba kidogo chenye benchi la kuegemea, maji ya kunywa, maji ya kunawa, pazia na spika ndogo ya kusikia ibada hakihitaji harambee. Mchungaji mwanamke anaweza kumwomba fundi amtilie zipu mbele kwenye joho, anyonyeshe kati ya ibada ya kwanza na ya pili bila kuvua kila kitu. Mwanakwaya anyonyeshe kabla ya kupanda jukwaani, na mtu mmoja aliyekubaliwa awe na mtoto, yuleyule kila Jumapili, ili mtoto asipokezanwe mikononi mwa kanisa zima.

Mtoto asikae karibu na spika. Kipimo ni rahisi: kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye jirani yako akusikie, hapo ni kelele mno kwa masikio ya mtoto mchanga. Mpeleke nje au kule nyuma kabisa, hata kama wewe ndiye unayeongoza sifa.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne kwenye friji. Dar es Salaam au Mombasa chumba huzidi joto hilo miezi mingi, basi tumia kiboksi cha baridi chenye barafu, ambamo yatakaa hadi saa 24. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kisafi, na kilichobaki baada ya kunywa kimwagwe.

Kuhusu mke wa mchungaji, ambaye hana mkataba wala mshahara lakini anategemewa aongoze umoja wa wanawake, apokee wageni wa dayosisi na atabasamu, mume ndiye wa kusema kwenye baraza kwamba mwaka huu hatashika uongozi wowote. Asimwachie mwenyewe kukataa mmojammoja mlangoni.

Huzuni isiyoondoka

Siku chache baada ya kujifungua akina mama wengi hulia bila kujua sababu, na hali hiyo huisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, mama akawa hana hamu ya chochote, halali hata mtoto akilala, anajiona mama mbaya, au hasikii lolote kwa mtoto wake, hiyo ni sonona, na ni ugonjwa wenye tiba. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Kwa hesabu hiyo, wamo kwenye kila kwaya.

Nyumba za watumishi huificha kuliko nyumba nyingine, maana watu watasema mama mchungaji amekosa imani. Nawasihi: nendeni kliniki ileile mnayompeleka mtoto, mkamwambie nesi kama mnavyomwambia homa. Mama akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, na hospitali ni siku hiyohiyo. Wazee waombe, daktari atibu, na wala pasiwe na mtu wa kumtaka achague moja. Baba naye akiona amekuwa mkali, hasira hazimwishi, au anatafuta sababu ya kukaa ofisini hadi usiku, aseme na mchungaji mwenzake anayemwamini.

Kurudi

Rudisha kazi moja moja, ya kwanza iwe ile ambayo roho yako imeikosa zaidi, na ipewe mwezi mzima kabla ya kuongeza nyingine. Mtumishi anayerudia ratiba yote kwa wiki moja hujikuta mahali alipokuwa na daftari lake, sasa akiwa na mtoto anayetambaa. Hesabu pia fedha. Mafuta ya gari na nauli za huduma zilizokuwa zikitoka mfukoni mwako sasa ni fedha za nepi na za maziwa anayokunywa mama, kwa hiyo gharama za ziara ziingizwe kwenye bajeti ya usharika.

Mtoto akifika miezi sita, kaeni tena, wewe, mwenzio na mwenyekiti wa baraza, na daftari lilelile. Kazi iliyoshikwa vizuri na mtu mwingine usiichukue. Mwinjilisti aliyeongoza mazishi na familia zikaridhika, aendelee. Mwalimu aliyelipokea darasa la kipaimara aachiwe hadi kundi lake libarikiwe. Kikao kilichosimama na asiwepo aliyekiulizia kifutwe. Kisha, kabla harusi za Desemba hazijajaza kurasa, andikeni kwenye kalenda ya usharika siku ya chanjo ya mwezi wa tisa na ile ya mwezi wa kumi na nane, na mbele yake jina la atakayeshika ofisi asubuhi hiyo.